Kovu Juu ya Fomu

Sikukanyaga shule hata siku moja. Haya anayaandika binti yangu, mimi nasema. Miaka ishirini na mbili nimelishwa na cherehani, na kila karatasi ya maisha yangu, kuanzia ya ndoa, nimeitia dole gumba la kulia. Basi nililosafiria lilipopinduka, kidole hicho kilibaki chini ya kiti cha mbele.

Wenye kampuni ya basi hawakuja hospitali kunitazama. Mwaka haukuisha, tukasikia kampuni imefilisika. Shemeji yangu akanishauri nimwachie Mungu. Nikamjibu kuwa si Mungu aliyenikatia tiketi.

Muuguzi aliyenifunga kidonda ndiye aliyenidokeza kwamba bima haikufa na kampuni. Mfilisi aliyewekwa na mahakama anapokea madai ya majeruhi, mwisho Ijumaa saa kumi.

Ijumaa saa tatu nilikuwa pale. Ofisi ni ile ile niliyokatia tiketi, picha ya basi bado ukutani, linang'aa kama bibi harusi. Karani akanijazia fomu, akasogeza wino.

"Dole gumba la kulia, mama."

Nikaweka mkono mezani. Akautazama, akaisoma fomu upya, kana kwamba kidole kingeota humo. Akasema binti anaweza kunitilia sahihi, ila alete barua ya mahakama, nayo barua lazima niitie dole gumba la kulia. Nirudi wiki ijayo.

"Wiki ijayo mtakuwa mmefunga, mwanangu."

"Mama, sheria sikuitunga mimi."

"Na basi sikuliendesha mimi."

Foleni ikacheka. Mzee wa magongo nyuma yangu akauliza kama yeye ataambiwa atie chapa ya mguu asio nao.

Nikakichovya kigutu kwenye wino, nikakigandamiza juu ya fomu. Likatoka doa lenye mshono katikati, kazi ya daktari. Mshono ambao mimi nisingethubutu kumpa mteja.

"Hiki ndicho mlichoniachia," nikamwambia. "Gonga mhuri. Siondoki bila nakala."

Karani akaingia kwa mfilisi. Saa sita ikapita, na saa nane. Wakazima feni, nikakaa. Saa kumi kasorobo mfilisi akatoka mwenyewe, akagonga mhuri bila kuniangalia usoni.

Sijalipwa bado. Najifunza kukata kitambaa kwa mkono wa kushoto, na nakala nimeibandika ukutani juu ya cherehani. Siku watakaposema hawanijui, watanieleza lile doa ni la nani.