Nilivaa Mabuti ya Baba Mkwe

Usiniulize jina. Ukinijua utanikwepa njiani, na utakuwa na haki. Sikuteleza, wala sikudanganywa na mtu. Nilikuwa na akili zangu timamu, mchana kweupe, nilipomwibia mzee mgonjwa mabuti yake. Na mzee huyo ndiye baba wa mke wangu!

Nimelibeba jambo hili muda mrefu bila kumsimulia mtu. Leo nalitua hapa.

Mimi ni Mkongomani. Nilivuka mpaka wa nchi nikiwa sina ndugu hata mmoja, nikapita kambi ya mapokezi ya Kenani kama wengi, halafu nikaletwa kwenye makazi ya wakimbizi huku Nchelenge. Mzee nilimkuta kwenye foleni ya chakula. Aliniona niko peke yangu, akanigawia kipande cha shamba lake, na baadaye akanipa binti yake. Mpaka leo tunakula bukari, ugali wetu, sahani moja, yeye na mimi. Sasa pima mwenyewe ubaya wangu!

Mzee alijikata mguu na jembe. Kidonda kikakataa kupona, kwa sababu shamba lake liko bondeni, na msimu wa mvua unalima ukiwa ndani ya maji. Muuguzi alimwambia jambo moja tu: mguu ukae mkavu. Mzee akawa anaufunga kwa mfuko wa plastiki wa unga, anakaza na kamba, anaingia bondeni. Akitoka, mfuko umejaa maji.

Mwanawe, shemeji yangu, anafanya kazi mjini Kitwe. Aliposikia habari ya mguu akanunua mabuti ya kiume, yale ya kupandia milima, yasiyopitisha maji. Akayatuma kwa basi. Mzee hana simu, yote hupitia kwangu, kwa hiyo mimi ndiye niliyeambiwa siku ya kufika. Nikachukua baiskeli kwenda kuyapokea. Nilipanga kumfanyia mzee mshangao, ndiyo maana sikumwambia kitu. Naapa, wakati naondoka nyumbani nilikuwa bado mtu mwema.

Ilikuwa mwisho wa Februari, ziwa likikaribia kufunguliwa kwa wavuvi baada ya miezi ya marufuku. Mvua ilikuwa inanyunya. Nikafungua boksi pale pale stendi, nione tu. Loo! Ngozi nene, soli yenye meno, ndani laini. Na namba ilikuwa yangu! Mimi na mzee tunavaa namba moja.

Nikasema niyajaribu kidogo, hatua tano tu. Ndugu yangu, miguu yangu imekulia kwenye kandambili, na mvua zikija ni buti za mpira zinazochemsha mguu mpaka unanuka. Haya yalinishika kisigino bila kubana, na vidole vikapata nafasi yao. Nikakanyaga dimbwi kwa makusudi. Nikatoa mguu, nikapapasa soksi. Kavu! Kavu kabisa!

Hatua tano zikawa mia. Nilitembea mpaka ufukweni na kurudi, na watu waliniangalia. Kwenye ulimi wa buti, kwa ndani, shemeji alikuwa ameandika kwa kalamu: BABA. Nililiona neno hilo. Nikakaza kamba juu yake.

Mabuti nikayaacha kwa rafiki yangu Mwansa, mwenye mtumbwi wa injini anaovusha watu kwenda kisiwa cha Chisenga. Nikamwambia ni yangu. Nyumbani nikarudi na kandambili zangu.

Baada ya hapo nikawa mwongo wa pande mbili. Shemeji alipopiga, nilimwambia yamefika, yanamkaa mzee vizuri, anashukuru sana. Akitaka kuongea naye, nasema yuko shambani, au mtandao mbaya. Na mzee naye kila Jumapili baada ya ibada ananiuliza, akiniita bukwe, yaani mkwe:

"Bukwe, mutoto wa Kitwe anasema nini?"

"Bado, Baba. Anasema atakutumia kitu mwezi wenye kuya."

Siku moja akasema, "Bon, haya. Kazi iko mingi kule. Labda alishanisahau, mi baba yake." Akachukua mfuko wake wa plastiki, akainama kufunga mguu. Na mimi niliyesimama mbele yake nilikuwa nawaza kama Mwansa ameyapaka mafuta mabuti yangu. Mabuti yangu!

Ziwa likafunguliwa, nikaanza tena biashara ya chisense, vile visamaki vidogo. Kila nikienda kununua Chisenga navaa mabuti. Majuma matano nilijiona bosi.

Sasa, pale tunapopandia, mtumbwi haufiki mchanga. Kila mtu anavua viatu, anavitundika shingoni, anakunja suruali na kuingia majini. Wachungaji wanavua, walimu wanavua. Siku hiyo mimi nikakataa.

"Awe, mune! Hapana, rafiki, toa biatu!" Mwansa akaniita kutoka mtumbwini.

"Hii yangu haiingize maji!" nikajibu kwa sauti, kila mtu asikie.

"Haiingize kwa chini. Kule juu mulango iko wazi!"

Watu wakacheka. Badala ya kunyenyekea nikajitosa. Hatua ya tatu maji yakapanda juu ya kifundo, yakamwagika ndani kwa raha zake. Na ndipo nikajifunza jambo ambalo mwenye akili angelijua tangu mwanzo: buti lisiloingiza maji halitoi maji pia. Nilivuka mpaka Chisenga kila mguu ukiwa ndani ya beseni lake.

Kisiwani nikafanya upumbavu wa pili. Palikuwa na mama anabanika samaki. Nikamwomba niweke mabuti pembeni ya uchaga, juu ya moto, yakauke haraka.

"Leo tunabanika ngozi?" akaniuliza akicheka, lakini akanipa nafasi.

Niliporudi kutoka kununua, gundi ilikuwa imeyeyuka. Soli za mbele zimeachama. Ngozi imekakamaa, inanuka moshi na samaki. Yale mabuti yangemfikisha mzee misimu kadhaa ya mvua. Mimi niliyaua siku moja! Na kwa kuwa kandambili zangu zilibaki nyumbani kwa Mwansa, nikayavaa hivyo hivyo kurudi. Nilipofika bandarini visigino vyote viwili vilikuwa vimechubuka, nyama nyekundu.

Nikayatia ndani ya gunia la chisense, nikifikiri kesho nitayapeleka kwa fundi viatu wa kwetu kimya kimya. Nikafika nyumbani nachechemea, nikapitiwa na usingizi kabla sijayatoa.

Asubuhi mzee akaniona nje, nimekaa mkekani, siwezi kukanyaga.

"Bukwe, muguu ni nini?"

"Kandambili, Baba. Zilinikata."

Akachemsha maji, akatia chumvi, akaleta beseni lake, lile la kuoshea kidonda chake. Akapiga goti! Kwetu mkwe hata kunyoosha miguu mbele ya baba mkwe ni aibu, na huyu mzee ameshika kisigino changu mkononi, anakiosha polepole. Nilimsihi aache. Akasema, "Nyamaza. Mi najua vile inauma."

Wakati huo mke wangu alikuwa anamwaga chisense kwenye ungo. Nikasikia kitu kizito kikidondoka. Nikageuka. Juu ya samaki, mabuti mawili.

Na simu ikalia. Shemeji! Mke wangu aliifikia kabla yangu. Akaweka spika, akaisogeza kwa baba yake.

"Baba! Leo nakupata! Bile biatu biko muzuri? Maji haiingie?"

Mzee akatazama ungo. Akanyoosha mkono, akavuta buti moja, akafunua ulimi. Akasoma. Kidole gumba chake kikapita juu ya lile neno. Halafu akaniangalia mimi. Ardhi, kwa nini hukunimeza?

"Biko muzuri, mutoto yangu," akasema. "Binanikaa muzuri. Nilichelewa tu kukushukuru."

Wakaongea habari za wajukuu. Alipomaliza akamrudishia binti yake simu, akachovya kitambaa kwenye beseni, akaendelea kuosha mguu wangu wa pili. Hakunitukana. Bora angenipiga! Mke wangu naye, tangu siku hiyo, ananijibu kwa maneno mawili matatu tu.

Yale mabuti mzee aliyafunga kwa mipira ya tairi, akaenda nayo bondeni. Yanaingiza maji kila upande. Muuguzi ameshamgombeza, kidonda kimepanuka. Nimemwomba ayatupe. Nimemletea buti za mpira, mpya, hata hajazigusa. Nilimlilia, mtu mzima mimi, nikamuuliza kwa nini anajitesa.

"Nilishamwambia mutoto kama nabivaa," akanijibu. "Sitaki nikuwe mwongo kwa mutoto yangu."

Basi wewe unayesoma, ukipewa mzigo wa mtu, usiufungue. Usijaribu hata hatua tano! Na kama umeshajaribu, vua sasa hivi, upeleke ukiwa na matope hayo hayo, uone aibu ndogo ya siku moja.

Yangu mimi inapita mbele ya mlango wangu kila asubuhi. Naisikia ikija, maji yanalia ndani ya mabuti, na mzee anasimama kidogo kunisalimia: "Bukwe, umelala muzuri?"