Vidonge vya Daku

Hajjat Zamzam wa Kianda aliumwa kichwa kila Ramadhani kwa miaka mingi, na kilichokuwa kikimuumiza ni dawa ya kichwa. Haikuwa dawa bandia wala iliyopitwa na tarehe. Ilikuwa dawa halali, ile inayouzwa mbili mbili katika kila duka kuanzia Kibera hadi Riruta.

Ili jambo hilo lieleweke, inabidi nirudi kwenye kaunta ya kwanza niliposimama, Kawangware, kituo cha 56, katika duka la dawa lililobanwa kati ya saluni na duka la misumari na saruji. Asubuhi ya kwanza nilivaa koti jeupe lililopigwa pasi hadi likakakamaa. Mfamasia mwenye duka, mkuu wangu wa kwanza, hakulitazama hilo koti. Aliweka mbele yangu pakiti mbili za dawa ya kichwa na kuniuliza zina tofauti gani.

"Hii ni kali kuliko hii," nikajibu.

"Hayo ni maneno ya redio. Geuza, usome nyuma."

Nikageuza. Ya kwanza ilikuwa parasetamo tupu. Ya pili ilikuwa parasetamo, aspirini, na kitu cha tatu kilichoandikwa kwa herufi ndogo: kafeini.

"Kafeini iko wapi kwingine?"

"Kwenye kahawa."

"Na kwenye chai. Sasa umejua kwa nini wanaiita kali. Hapa hatuuzi rangi ya pakiti, mama. Tunauza kilichoandikwa nyuma."

Kafeini haikutiwa humo kwa ulaghai. Huisaidia dawa ya maumivu ifanye kazi vizuri zaidi, na kwa mtu anayeumwa mara moja moja ni dawa nzuri. Nilisema hivyo wakati huo na bado nasema. Matatizo yake huja na mazoea. Usingizi hukatika, moyo huenda mbio, mikono hutetemeka. Tumbo nalo huwaka, ingawa hapo aspirini ina lawama yake. Kisha kuna lile kubwa: mwili ukishazoea kafeini, siku ukiikosa unaumwa kichwa.

Hilo la mwisho nililiona kabla sijalijua jina. Wateja wetu wengi wa 56 walikuwa mafundi na wabeba mizigo, nao waliita pakiti hiyo "ya kuamsha". Fundi mmoja wa kuchomelea vyuma, Wafula, alikuwa mlangoni kila Jumatatu kabla sijamaliza kufagia.

"Sasa, daktari. Nipe ile ya kuamsha."

"Si nilikupa Jumamosi?"

"Iliisha. Hii kichwa leo inanigonga ni kama kuna jirani anajenga ndani."

"Na jana ulimeza?"

"Jana ilikuwa Jumapili, daktari. Jumapili nalala mpaka mama watoto aniite lanchi. Simezi kitu, hata chai sioni."

Nilimwuzia parasetamo tupu. Akaondoka akilalamika kwamba nimempa "ya wagonjwa". Lakini jibu lake lilinikaa. Siku aliyopumzika ndiyo iliyomletea maumivu.

Jina la jambo hilo nililipata Riruta, katika zahanati nilikohamia baadaye. Daktari Msimamizi pale alikuwa mwanamke wa maneno machache. Wagonjwa waliokuja na maumivu ya ghafla yasiyo ya kawaida, shingo ngumu au macho kufifia, aliwapeleka hospitali mara moja. Wale wa kila siku aliwaketisha.

"Akija mtu wa kichwa cha kila siku," aliniambia, "usianze kumwuliza kinauma wapi. Muulize anameza nini, na siku ngapi kwa wiki. Dawa ya maumivu ukiimeza siku nyingi za mwezi, inazaa maumivu mengine. Zenye kafeini huyazaa mapema zaidi. Hicho ni kichwa cha kurudi."

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Kianda, upande wa Olympic, ambako mimi mwenyewe nilikuwa msimamizi. Nyuma ya duka kulikuwa na ploti ya vyumba vya kupanga, na mwenye ploti alikuwa Hajjat Zamzam, Mnubi, mjane wa zaidi ya miaka sabini. Alikuwa akisuka tabaga, zile kawa za rangi ambazo Wanubi hufunikia chakula, na mara chache ungemkuta mikono mitupu.

Mwezi wa Rajab, Ramadhani ikiwa bado miezi miwili, alikuja kununua vidonge vyake. Juma, mwanawe, alikuwa nyuma yake.

"Daktari, mwambie huyu," Juma akaanza. "Kila mwaka siku ya pili ya mfungo anaanguka. Sheikh amesema mgonjwa asiyepona amesamehewa, alishe maskini. Na amekuwa akilisha. Mwaka huu ati anafunga mwezi mzima."

"Mgonjwa ni nani?" Hajjat akauliza.

"Ni wewe, mama."

"Ugonjwa gani? Utaje jina."

Juma akatazama rafu za dawa kana kwamba jina liko huko.

"Umeona? Mwaka baada ya mwaka nalisha maskini kwa ugonjwa usio na jina. Nataka kufunga kama wenzangu. Ama nife nikiwa nimesamehewa tu?"

Nikamwuliza swali la Riruta. Alimeza mbili asubuhi na mbili jioni, kila siku. Na Ramadhani?

"Ramadhani namaliza mapema. Nameza zote wakati wa daku, na birika la chai ya rangi yenye tangawizi. Ni za kushikilia siku. Kwetu wengi wanafanya hivyo."

"Kichwa huanza lini?"

"Alasiri. Ikikaribia magharibi nataka kutapika. Na usiku silali, moyo unakimbia utadhani nimeiba."

Alikuwa ameshika tabaga ambayo haijaisha. Nilitazama mistari yake. Mwekundu ulipaswa kuzunguka sawasawa, lakini ulikuwa ukipanda na kushuka.

"Mkono umezeeka," akasema, alipoona ninakotazama.

Mimi sikudhani ni uzee. Mwili uliozoea vidonge na chai kutwa nzima hupewa vyote alfajiri, kisha huachwa bila kitu. Kafeini ya alfajiri ikishapungua, kichwa kinauma. Siku ya pili mtu anazidiwa, anafungua, anameza, kichwa kinatulia, na nyumba nzima inakubaliana kwamba saumu ndiyo iliyomuumiza.

Nilimpeleka kwanza kwa Daktari Msimamizi wangu wa zamani, maana mtu wa umri ule hahukumiwi kwenye kaunta. Presha ilikuwa nzuri, macho mazuri. Daktari alimpangia kupunguza vidonge na chai kidogo kidogo, ili kufikia mwisho wa Shaabani awe ameachana na vidonge kabisa na chai ibaki kikombe kimoja.

Kupunguza si raha, na sikumficha. Hata hivyo wiki ile ya kwanza aliingia dukani na kupiga kaunta kwa kiganja.

"Wewe mtoto! Nilikuja kwako na kichwa kimoja. Sasa niko na viwili."

"Hicho cha pili ndicho kinachoondoka, Hajjat."

"Basi kiniage! Marehemu mume wangu alikuwa mkali, lakini hata yeye hakuwahi kuninyima chai."

"Unataka kurudi kwa vidonge?"

"Nataka kufunga," akasema, akatoka.

Maumivu yalizidi, yakasimama, kisha yakaanza kulegea. Shaabani ilipofika katikati Juma aliniambia mama yake sasa analala mpaka anakoroma, na wapangaji wameanza kulalamika.

Ramadhani ikaingia. Siku ya pili, ile ya kuanguka, alasiri, nilimwona Hajjat akija polepole na kuketi kwenye benchi letu la wateja.

"Nikupe nini, Hajjat?"

"Hakuna. Nimekuja uniangalie nisianguke."

Akatoa ukili, akaanza kusuka. Wateja waliingia na kutoka. Juma alipita mara mbili, akijifanya ana shughuli. Mimi niliendelea kuhudumia watu, lakini jicho langu lilikuwa kwenye vidole vyake. Mstari mwekundu ulizunguka bila kupanda wala kushuka. Adhana ya magharibi ilipolia, Hajjat alitoa tende mfukoni, akala moja, akampa Juma nyingine.

"Haya," akamwambia, "nitajie ule ugonjwa."

Alifunga mwezi mzima.

Mimi nimestaafu sasa, naishi Riruta, na vijana wanaosimama kwenye kaunta hizo hunitembelea. Nawaambia yale niliyoambiwa: geuza pakiti, soma nyuma, kisha muulize mteja anakunywa nini na wakati gani. Dawa haimezwi peke yake. Inamezwa pamoja na chai ya mtu, kazi yake na ibada yake. Kazi hii niliifanya vizuri, na ningeanza tena kesho kama magoti yangekubali.

Lakini Hajjat ana swali ambalo halimo katika cheti changu. Miaka yote ile alilisha maskini kwa sababu alihesabiwa kuwa mgonjwa asiyepona. Sasa amepona. Je, alikuwa mgonjwa kweli, ikiwa ugonjwa wenyewe ulitoka kwenye vidonge vya daku? Kama hakuwa, siku zote zile bado ni deni lake kuzifunga.

Alimpelekea imamu wa msikiti wao swali hilo pamoja na pakiti tupu. Imamu aliigeuza, akasoma nyuma, akasema atawauliza waliomzidi elimu. Hajaleta jibu. Hajjat naye hakungoja. Anafunga kila Jumatatu na Alhamisi, na hadi leo hajui kama saumu hizo ni za kulipa au ni za sunna.