Gauni la Uji

Shwaa, shwaa, shwaa. Niliisikia sauti hiyo kabla sijaona kitu, nimeinamia cherehani yangu pale Silibwet, Bomet, miaka ya tisini, na hata leo nikiikumbuka aibu hunipanda mpaka masikioni. Kumbe ni Rosbella, fundi mwenzangu, anakata kona na gauni alilojishonea mwenyewe: zambarau, ukosi umesimama kisogoni kama mkia wa jogoo, mikono imevimba kama kabeji mbili, na wachuma chai wameweka vikapu chini wamtazame (mimi nilikuwa nimeshona sketi za shule miaka sita na hakuna aliyewahi kunigeuzia shingo).

Sasa mdogo wangu Chebet alikuwa anaolewa, na akataka gauni lenye mikono kama ya Rosbella.

"Nitakushonea mimi," nikamwambia. "Ama siku hizi dada hatoshi?"

"Haya, lakini isimame. Usiniaibishe mbele ya watu wa Chebunyo." Huko ndiko alikokuwa anaolewa.

Ningemwuliza Rosbella siri yake, lakini wivu ni kama funza: unajua uko wapi, unawasha, na unaona haya kumwonyesha mtu. Nikajiamulia kwamba ni uji. Nikapika uji mzito wa mahindi, nikailowesha ile mikono, nikaipiga pasi ya makaa mpaka ukiigonga inaitika, nikalala nikitabasamu.

Nani asiyejua kwamba huku kwetu mvua huja kila alasiri kama mtu aliyeandikwa kazi? Mimi nilisahau. Ilitukuta tunatoka kanisani, na tulipofika nyumbani tukajibanza chini ya paa mikono ilikuwa imelala kama masikio ya mbuzi, uji unamtiririka Chebet mpaka viganjani, na kuku waliokuwa wamejikinga pale wakaanza kudonoa pindo (hata mbwa alikuja, sidanganyi). Kogo, nyanya yetu, akachovya kidole akaonja.

"Woi! Na hauna sukari."

Watu wa Chebunyo walicheka mpaka wakashikana.

Chebet hakucheka. Alimwita chumbani Rosbella, aliyekuja arusini na lile gauni lake la zambarau, nami nikafuata. Rosbella akafumua mkono wa gauni lake mwenyewe, akanionyesha kilichokuwa ndani: plastiki ya gunia la mbolea, ile ile tunayofunikia kuni kila boma.

"Si ungeniuliza tu, mwenzangu," akasema kwa upole, na upole huo ndio ulionichoma. Akaing'oa mikono yake yote miwili, akaishonea kwenye gauni la Chebet, zambarau juu ya nyeupe.

Mpaka leo maharusi wa Bomet huvaa mikono ya rangi nyingine, na wakiniuliza mtindo huo ulianzia wapi, nasema sijui. Niliapa kwamba nitauliza kabla ya kupika, na kiapo hicho nimekishika. Lakini siku ile dada yangu hakungoja niape. Alimshika Rosbella mkono, akatoka, shwaa, shwaa, bila kunitazama, akauvuta mlango nyuma yake.