Jicho la Bibi

Nimefungua pakiti ya dagaa jikoni kwangu, hapa Missouri City, na harufu yake imenirudisha Dallas, kwenye fleti yetu ya zamani iliyojaa panya. Jirani alituletea watoto wa paka ndani ya boksi, tuchague mmoja wa kuwinda. Mimi nilimtaka yule mweupe, mwenye manyoya laini kama pamba. Mama alimpa kila paka dagaa, kisha akajaribu kumnyang'anya. Mweupe aliachia mara moja. Mmoja mweusi aling'ang'ania huku akinguruma.

"Huyu, Mama," mdogo wangu akasema. "Haachii."

Mama alicheka, akamkumbatia. "Mwanangu, una jicho la bibi yako! Naye alichagua paka hivyohivyo."

Nilimwonea wivu. Mdogo wangu alizaliwa hukuhuku Texas, hakuwahi kumwona bibi. Mimi ndiye niliyebebwa mgongoni mwa bibi kule kwenye kambi ya wakimbizi, shavu langu likilowa jasho lake.

Mama alipokwenda kumtafutia paka maziwa, mdogo wangu alinisogelea, macho yaking'aa kwa furaha.

"Dada, bibi alikuwaje?"

"Simkumbuki," nikamjibu.