Mwaka Ambao Jeannine Hakujinunulia Kitu

Kila mwaka kwaya ya kigango kimoja, upande wa Katumba, ilibadilisha sare. Kitenge cha mwaka uliopita bado kiling'aa, lakini mwenyekiti, mama mmoja aliyeitwa Apollinarie, alikuwa ameshakwenda Mpanda mjini kuchagua kingine. Kila mwanakwaya alitakiwa anunue doti yake, amlipe fundi, na ashone kilemba cha kufanana. Watu waliokula ugali wa muhogo kwa mchuzi wa chumvi walimwimbia Mungu wakiwa wamefanana kama mapazia ya nyumba ya wageni. Asiyekuwa na sare hakusimama na kwaya. Hakuna padre aliyeweka sheria hiyo. Waliiweka wenyewe, maskini kwa maskini, na hakuna sheria chungu kama hizo.

Jeannine aliimba sauti ya kwanza. Mwanzoni mwa 1995 aliweka nadhiri kwamba mwaka mzima hatajinunulia kitu: wala kitenge, wala mafuta ya kujipaka, wala soda siku ya gulio. Sabuni ya kufulia ndiyo angeogea. Chochote alichojinyima kingekwenda kwenye bati, kwa maana mama mkwe wake, waliyemwita Bibi, alilala masika yote na beseni miguuni, na nyasi za paa zilikuwa zimeoza mpaka zikawa zinadondosha funza kitandani. Anicet, mume wake, aliunga mkono kwa kupunguza pombe ya ndizi. Hakuiacha.

Kilichomchefua Jeannine miezi ile ya kwanza ni tamaa yake mwenyewe. Aliiona ilivyo ndogo, ilivyo chafu. Angepita penye karai la sambusa, mate yakamjaa, akayameza, na kuyameza kwenyewe kukamtia kinyaa, kama mtu aliyejikuta akilamba sahani ya mwenzake. Gulioni wanawake walimwita Mama Bati. Yeye alicheka nao na kupita.

Sare mpya ilitangazwa wakati wa kiangazi. Ingevaliwa Desemba, siku padre mgeni kutoka Sumbawanga atakapokuja kwa sikukuu ya kigango. Jeannine hakununua. Apollinarie alimfuata nyumbani, pamoja na Siméon, mwalimu wa kwaya, mtu mpole mwenye sauti nzuri na uti wa mgongo wa mlenda.

"Mama Patrick, unatutia aibu," alisema Apollinarie, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Ninacho cha mwaka jana, mama. Hakijachakaa hata kidogo."

"Nani kakwambia kimechakaa? Kimepitwa. Wote tuwe bluu, wewe kijani katikati kama mchicha?"

Siméon alijikuna shingo. Alisema bila Jeannine ule wimbo wa Utukufu hautapanda, wengine wakijaribu watalia kama mbuzi. Halafu Apollinarie akapata jibu, na lilimfurahisha sana: Jeannine aimbe akiwa stoo. Chumba kile kilikuwa ubavuni mwa altare, mlango ungeachwa wazi kidogo, sauti ingetoka na kitenge kisionekane.

Jeannine alikubali. Hapo ndipo panaponichefua kuliko pote, kwamba alikubali, tena akawashukuru. Alipenda kuimba, na hakuona njia nyingine ya kuimba bila kumlaza Bibi kwenye mvua mwaka mwingine.

Stoo ile ilikuwa ya popo. Walijazana kati ya dari na ukuta, na mavi yao yalilala juu ya ngoma kuukuu na mabenchi yaliyovunjika, meusi, laini, yenye harufu ya mkojo inayochoma macho. Siku ya sikukuu Jeannine alisimama humo tangu maandamano ya kuingia. Kupitia ufa wa mlango aliona migongo ya bluu. Utukufu ulipoanza, sauti yake ilipanda juu ya zote, safi, na padre mgeni akainua kichwa kutafuta inakotoka. Mstari wa mbele, Apollinarie alifungua kinywa wazi zaidi, kana kwamba sauti ile ni yake.

Kulikuwa na mahali pa kuvuta pumzi ndefu kabla ya sehemu ya juu kabisa. Jeannine alivuta, na uvundo ukamshuka mpaka tumboni. Hakufikiri juu ya haki wala aibu. Alitaka hewa. Akausukuma mlango kwa bega, akatoka akiimba, na kitenge chake cha kijani, na mavi ya popo begani, akaenda kusimama pale alipokuwa akisimama siku zote.

Wimbo ukiwa njiani hausimamishwi. Mkono wa Siméon uliendelea kupanda na kushuka.

"Rudi," alisema Apollinarie akiwa ameuma meno, kati ya mstari na mstari.

Jeannine alijipangusa bega kwa kiganja, akaendelea hadi mwisho.

Baada ya misa walimwambia, kwa lugha ya upole kabisa, apumzike mpaka atakapopata sare. Bati zilipandishwa mwezi Januari, na Bibi akalala pakavu. Mwaka ulikuwa umeisha. Anicet, aliyedhani anajua mkewe anataka nini, alirudi kutoka mjini na doti ya bluu iliyofungwa kwenye gazeti.

"Haya, mama. Rudi sasa ukaimbe."

Jeannine aliigusa, akaondoa mkono. Alimwomba amuuzie yeyote anayeitaka; mahali pake pa kuimba asingepanunua kwa kitenge. Jumapili alikaa benchi la nyuma na Bibi, na wimbo ulipofika juu, ambapo sauti za kwaya zilianza kupasuka moja moja, alitazama chini na kufunga mdomo.