Macho Yaliyopita Juu ya Vichwa

Eustaquio Palmares anachekesha, mradi usiishi naye ukuta kwa ukuta. Mimi ninaishi. Kila alfajiri namsikia bafuni akisalimia umati: "Mabibi na mabwana!" Umati wenyewe ni ndoo na sabuni. Alipostaafu ukarani bandarini hapa Iloilo, Ufilipino, alikosa wa kuwaamuru, akajiunga na chama chetu cha kujifunza kuhutubia. Kazi yangu humo ni kengele: mtu akisema "eeh" au "yaani" jukwaani, nagonga. Mwaka mzima sijamgongea Eustaquio, na hakuna mtu mtaani ambaye hajaambiwa.

Alhamisi ile, siku ya mkutano wa chama, mkewe, Nenita, alimpa mfuko wa ibos, ule wali wa nazi wa kufungwa kwa majani.

"Nenda mtaa wa Molo kwa dada yako," nilimsikia akimwambia. "Mdogo wako Delfin yuko huko, anaondoka kesho. Haendi kutembea, anahamia Kanada kwa binti yake. Mpe hizi, na umwombe radhi. Safari hii usihutubie."

"Mke wangu, hilo limekwisha!"

Ndugu hao wawili hawakuwa wamesemezana tangu mama yao azikwe. Delfin, mdogo, ndiye aliyemuogesha mama na kumlisha mpaka mwisho. Eustaquio alikuja siku ya mazishi, akashika kipaza sauti kanisani, akasimulia jinsi alivyomuuguza kwa mikono yake mwenyewe. Watu walimlilia yeye. Delfin alitoka nje, na tangu siku hiyo alikuwa akingoja neno moja tu.

Nilikutana na Eustaquio kwa dobi, akigomba juu ya mkunjo wa shati lake la sherehe. Nikamkuta tena sokoni akinusa tangawizi moja moja, ya kulainisha koo. Mara ya tatu alikuwa kwa kinyozi, ananyolewa vinyweleo vya puani. Mfuko wa ibos ulikuwa bado unaning'inia mkononi.

"Bwana wee, Molo hujaenda?"

"Sauti kwanza, Dada Perla. Nikienda kule nitalia, halafu usiku jukwaani sauti itakwaruza. Delfin ananielewa, ni damu yangu."

"Anakuelewa sana. Ndiyo maana hakusemeshi."

Alicheka. Mtu huyo ukimtukana anadhani unamsifu.

Chama hukutana ghorofani, juu ya duka la mikate. Sisi hupigia makofi kila kitu: anayefungua mkutano, anayeshika saa, hata aliyefungua dirisha. Mwenyekiti wetu, Bwana Villaruz, anasema makofi ndiyo chakula cha msemaji. Kama ni chakula, basi wengi wetu tumevimbiwa.

Eustaquio alikuwa akikoroga chai yake ya tangawizi pembeni alipoingia Delfin, mwembamba, amevaa tayari koti la safari. Nenita ndiye aliyemwelekeza. Alikaa mstari wa mbele, mkabala na jukwaa, akapakata kofia.

Sasa, chama kinafundisha hivi: ukiwaogopa watu, usiwatazame machoni. Tazama ukuta, juu kidogo ya nywele zao, na kila mmoja atadhani unamtazama yeye. Hakuna aliyebobea katika ujinga huo kama Eustaquio. Alipanda na hotuba yake, "Kumsamehe Ndugu".

"Laiti ndugu yangu angekuwa hapa usiku huu!" alinguruma, mikono ameinyoosha juu ya kichwa cha Delfin. "Ningemwangukia miguuni!"

Kina mama walifuta machozi. Alimaliza kadi nyekundu ya muda ilipoinuliwa, hakuna "eeh" hata moja, akavishwa utepe wa msemaji bora.

Kwa kawaida mgeni huombwa neno mwishoni. Delfin alisimama.

"Mimi, eeh, ndiye huyo ndugu." Mkono wangu ulikwenda kwenye kengele wenyewe, nikauzuia. "Nipo hapa tangu mwanzo, kaka. Hukuniona."

Unajua tulifanya nini? Tulipiga makofi. "Fupi, lakini ina uzito!" alisema mwenyekiti. Delfin alivaa kofia yake akashuka ngazi.

Eustaquio alimfuata mbio, utepe kifuani, nami nyuma yake, kwa sababu umbea ni umbea. Mlangoni pa duka la mikate bajaji ilikuwa inangoja.

"Haya, kaka, sema," Delfin alisema. "Hapa hakuna wa kukushikia saa."

"Eeh... mama... yaani, eeh..." Kwa mara ya kwanza nilimwona akimtazama mtu machoni. "Ni wewe. Eeh... wewe ndiye uliyemuogesha. Mimi nilidanganya. Nisamehe, mdogo wangu."

Uso wa Delfin ulilegea. Alinyoosha mkono.

Nyuma yetu makofi yakalipuka. Chama kizima kilikuwa kimeshuka kimejazana ngazini, mwenyekiti mbele, machozi yanamtoka, anapiga makofi mikono juu ya kichwa. "Bora kuliko ile ya jukwaani!"

Na Eustaquio, Mungu amsamehe, aligeuka, akaweka mkono kifuani juu ya utepe wake, akawainamia.

Alipoinua kichwa, bajaji ilikuwa inakata kona.