Ndoa ya Baba na Mama, Misugusugu

Baba yangu alipata kiharusi mwanzoni mwa masika, akiwa anafyeka majani nyuma ya nyumba yetu Misugusugu. Upande wa kushoto ukafa, na maneno yakawa yanamtoka moja moja. Mchana alihudumiwa na mama. Jioni mimi nilirudi kutoka kazini Dar, nikaweka mkoba chini, nikachukua beseni, nikamwosha, nikamgeuza, nikafua mashuka. Kulipokucha nilianza tena. Ukiniuliza nilikuwa nawaza nini miezi ile, sikumbuki. Nakumbuka mgongo ulivyokuwa ukiniuma.

Baba alikuja Pwani kijana, akitokea Songea, Mkatoliki tangu utotoni, akapata kazi ya kiwandani. Mama ni Mwislamu wa Kisarawe, kwao ni upande wa Maneromango. Babu alimtoa binti yake kwa shingo upande. Mahari ilipokelewa, wakaanza maisha. Kwa shehe hawakwenda na kwa padri hawakwenda, maana kila upande ulitaka mwenzake ahame dini. Wao walikataa kuhama, na walikataa kuachana.

Kwa hiyo baba, asiye na ndoa ya kanisani, hakuruhusiwa kupokea komunyo. Kila Jumapili alitupeleka kanisani sisi watoto, akaimba, akapiga magoti, na wenzake waliposimama kwenda kupokea, yeye alibaki kwenye benchi na kusogeza miguu ili watu wapite. Siku ya komunyo yangu ya kwanza nilipita mbele ya magoti yake nikiwa na gauni jeupe. Tukiwa njiani kurudi nilimuuliza kwa nini yeye hakwenda.

"Mimi bado," akasema.

Nilikua, nikasoma, nikaajiriwa, na jibu lilikuwa lile lile.

Alipougua, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa alikuja na akina mama wengine kusali naye. Walipomaliza, akaniita pembeni.

"Mwanangu, nisipokwambia nitakuwa sikutendei haki. Mzee akiondoka hivi alivyo, kwenye mazishi kutakuwa na maneno. Kamwone padri mapema."

Nilimshukuru. Ila moyoni niliona ni kazi nyingine tu inaongezwa juu ya zile nilizokuwa nazo.

Padri wa parokia yetu ni mdogo kwangu kwa umri. Nilimkuta ofisini Jumamosi, nikamweleza yote, na mwishoni nikamwambia wazi kwamba mama hatabatizwa.

"Wala hatumlazimishi," alisema. "Tunaomba ruhusa kwa Askofu. Ndoa inafungwa, mama anabaki Mwislamu, na baba anarudi kwenye sakramenti."

"Hii ni sheria mpya, padri?"

"Hapana. Ipo tangu zamani."

Maisha yote yale ya kubaki kwenye benchi. Labda baba hakuwahi kuuliza, au aliuliza mtu asiyejua. Nilitaka kukasirika, lakini hasira nayo inataka nguvu, na mimi sikuwa nazo. Nikamuuliza tu atakuja lini nyumbani kuifunga hiyo ndoa.

Ruhusa ilipopatikana, mama alimpigia simu kaka yake. Mjomba alikuja siku yenyewe ya ndoa kwa bodaboda, suruali imejaa vumbi la njia ya Maneromango. Kabla hajaketi akamuuliza mama, "Wanataka kukubatiza?"

"Nimekwambia hapana. Nitabaki kama nilivyo."

"Basi nitakuwa shahidi," akasema, akavuta kiti karibu na mlango.

Padri alifika mchana na mwenyekiti wa jumuiya, ambaye alikuwa shahidi wa pili. Padri alimwamkia mama shikamoo, mama akaitika marahaba, kisha padri akatuomba sote tutoke ili baba aungame. Tulisimama uani. Baba alikuwa anatumia dakika nzima kuomba maji, kwa hiyo tulisubiri sana. Mama aliketi kwenye ndoo iliyofunikwa, mikono mapajani. Tulipoitwa ndani, macho ya baba yalikuwa mekundu.

Padri akamuuliza mama kama anakubali kwa hiari yake kuwa mke wa mwanamume huyu.

Mama akamtazama. "Padri, namgeuza kitandani tangu masika. Leo ndiyo naulizwa kama namtaka?"

"Lazima nikuulize, mama."

"Basi namtaka."

Baba alipoulizwa alihangaika na midomo mpaka neno likatoka, na lilisikika. Mjomba akaitikia kwa kichwa pale mlangoni. Sala zilizofuata sikuzisikia vizuri. Nilikuwa nimeegemea kabati, na usingizi ukanichukua nikiwa nimesimama, kwenye harusi ya wazazi wangu. Nilishtuka padri alipokuwa akimpaka baba mafuta ya wagonjwa kwenye paji la uso. Mkono wa kushoto ulikuwa umejikunja ngumi. Mama akausugua, akakifungua kiganja kidole kwa kidole, akakishikilia mpaka padri akamaliza.

Ikafika komunyo. Padri akamega kipande kidogo cha hostia, kwa sababu baba alikuwa akipaliwa na chochote kikavu. Akamwekea ulimini. Baba akafumba macho, koo likawa halimezi. Hapo mama akachukua kijiko cha maji, akamwinua kichwa kwa mkono mwingine, akamnywesha pole pole kama alivyomnywesha uji asubuhi.

Tulisubiri.

"Imepita," baba akasema.

Mwenyekiti wa jumuiya alilia. Mimi sikulia. Nilienda kupakua pilau, maana wageni walikuwa hawajala, na mama alikuwa ameingia chumbani kuswali.

Siku iliyofuata niliamka na mgongo ule ule. Sijui nilitegemea nini. Lakini kila Jumapili baada ya Misa alikuja mtu wa parokia kumletea baba komunyo, na baba alikuwa anaanza kuulizia tangu Jumamosi. Mama ndiye aliyetandika kitambaa mezani na kuweka maji tayari.

Baba alifariki kipindi cha vuli, mchana, mimi nikiwa ofisini. Padri alimzika. Hakuna aliyesema neno. Mjomba naye alitupia udongo kaburini, akasimama na mama mpaka mwisho.

Arobaini ilipopita, Jumapili moja mama alinikuta nimelala hadi jua limepanda.

"Huendi kanisani?"

"Nimechoka, mama."

"Najua. Nenda kachokee huko."

Nikaoga, nikaenda. Nilikaa benchi la nyuma na sehemu kubwa ya mahubiri nilisinzia.